Kifaa umekinunua, umekifunga, gari linakikataa: uzi maalumu kuhusu kuongeza vifaa kwenye magari ya kisasa

Fundi wa Nyaya (mwanzisha uzi)

Habari wakuu.

Hapa jukwaani swali moja linarudi kila siku kwa sura tofauti. Mmoja kanunua usukani wenye vitufe vya kruz kontroli (ile ya gari kushika mwendo mmoja lenyewe) pale Gerezani, kaufunga, taa za vitufe zinawaka vizuri lakini ukibonyeza gari halina habari. Mwingine kabadilisha nozeli za Prado, sasa injini inagonga na kutoa moshi. Wa tatu kaingiza Harrier kutoka Japani, betri ikachomolewa, redio iliporudi ikaja na maandishi ya Kijapani inadai namba ya siri. Majibu wanayopewa karibu yote ni "mkuu umepigwa" au "umeuziwa kimeo".

Mimi ni fundi umeme wa magari, na naomba kupinga majibu hayo. Mara nyingi kifaa ni kizima kabisa na aliyekufunga amefunga sawasawa. Kilichobaki ni gari kujulishwa kwamba kifaa kipo. Na kwenye magari mapya zaidi linaongezeka la pili: gari kukubali kujulishwa. Hilo la pili ndilo linalokula fedha za watu, kwa sababu ruhusa haikai kwenye gari wala kwa fundi, inakaa kwenye kompyuta ya kiwanda huko Ulaya au Japani.

Tuanze na jinsi kazi ilivyobadilika. Corolla 110 ukitaka kuiongezea taa za ukungu unahitaji swichi, rilei, fyuzi na nyaya. Swichi inaruhusu umeme, taa inawaka, biashara imeisha. Kwenye gari la leo swichi haipeleki umeme kwenye taa. Inapeleka ujumbe. Kompyuta ya bodi inaupokea, inaangalia kwenye orodha yake kama gari hili lilitoka kiwandani na taa za ukungu, na orodha ikisema hapana, umeme hautoki hata kama taa zipo, nyaya zipo na swichi ni halisi. Ukiamua kuzunguka kwa kugonga waya kutoka kwingine, kompyuta inaona ampea ambazo hazikutarajiwa na inakuwashia taa ya onyo. Hata balbu za LED zinasumbua kwa sababu hiyohiyo: zinakula umeme mdogo, kompyuta inadhani balbu imeungua.

Ujumbe huo unasafiri kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mtandao unaoitwa CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Leo karibu kila gari linalo. Kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, yenye pini 16, nyaya hizo zinatokea pini ya 6 na ya 14. Fundi yeyote kijana anayesoma hapa achukue zoezi hili: gari limezimwa na limelala, chomoa betri, weka mita kwenye ohmu, gusa 6 na 14. Mtandao mzima unatoa karibu 60, kwa sababu kila ncha ina kizuizi cha 120 na viwili hivyo vimekaa sambamba. Ukisoma 120, ncha moja imekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali. Tahadhari moja: kwenye magari yenye kompyuta ya lango, yaani ile inayosimama kati ya soketi na mitandao ya gari, pini hizo zinaishia langoni, kwa hiyo unapima kipande hicho tu. Pima kabla hujafunga kifaa na upime baada ya kufunga. Nimeona magari yakilazwa gereji kwa sababu ya kamera iliyoungwa kwa kumenya nyaya hizi na kuzifunga utepe, halafu lawama zote zikaenda kwa muuza kamera.

Sasa kuhusu kujulisha gari. Upande rahisi ni ule ambao gari linataka taarifa tu na halimfungii mtu mlango. Nozeli za dizeli za Toyota, kama za injini ya 1KD ya Prado na Hilux, ni mfano mzuri. Kila nozeli ina msururu wa herufi na namba uliochapwa juu yake, unaoeleza tofauti ndogo za unyunyizaji wake tangu ilipopimwa kiwandani. Msururu ule unatakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya injini, silinda kwa silinda. Usipoingizwa, kompyuta inaendelea kunyunyizia kwa hesabu za nozeli ya zamani, ndiyo maana gari la yule mdau linagonga. BMW nyingi ziko hivyo hivyo upande wa betri: kompyuta inachaji kulingana na umri na aina ya betri iliyosajiliwa. Ukifunga mpya bila kuisajili, inachajiwa kama mzee na itakufa mapema. Vitu hivi viwili fundi mwenye mashine sahihi anavimaliza kabla chai haijapoa. Muulize kabla hajashika spana: "Utasajili?" Akishangaa swali, tafuta mwingine.

Nitaendelea na upande mgumu. Karibuni wakati huo kwa maswali.

Dereva wa Tunduma

Mkuu asante kwa shule. Swali langu ni la Mazda. Nina CX-5 ya kutoka Japani, skrini ni ile ya juu ya dashibodi. Nimeambiwa naweza kuongeza CarPlay, ile ya kuleta programu za iPhone kwenye skrini ya gari, kwa kununua kifaa kidogo cha USB. Kweli au hadithi?

Fundi wa Nyaya

Ni kweli, na kwa mtu anayetaka kuelewa mada hii sijui kazi inayofundisha zaidi ya hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mfumo unaoitwa Mazda Connect, uliomo kwenye Demio, Axela, Atenza, CX-3 na CX-5 nyingi tunazoletewa, ulitoka kiwandani bila CarPlay. Mwaka 2018 Mazda wenyewe walianza kutoa kifurushi cha kuongeza huduma hiyo kwa magari ambayo tayari yako barabarani. Kifurushi chenyewe ni kisanduku kipya cha soketi za USB, kile kinachokaa kwenye konsoli ya katikati, pamoja na kebo mpya zinazopanda hadi kwenye kompyuta ya skrini iliyo nyuma ya dashibodi. Nusu ya kazi ni kubandua plastiki za konsoli bila kuvunja vibanio na kupitisha kebo zisibanwe na gia. Yeyote mwenye subira anaiweza.

Nusu ya pili ni programu. Kisanduku kipya peke yake hakifanyi lolote mpaka programu ya skrini iwe toleo la 70 au la juu zaidi. Na hapo ndipo penye hatari kwa gari la Japani, maana programu hizo zinatolewa kwa kanda: kuna ya Japani, ya Ulaya, ya Amerika Kaskazini na kadhalika. Skrini ya Japani ukiipandishia programu ya kanda nyingine bila kujua hatua zinazotakiwa, unaweza kubaki na kioo cheusi. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye mipangilio, soma namba kamili ya toleo pamoja na herufi za kanda mwishoni, piga picha, mtumie fundi kabla hujanunua chochote. Siku ya kupandisha programu, betri iungwe na chaja. Zoezi linachukua muda, na umeme ukishuka katikati skrini inaweza isiamke tena.

Faida ya pembeni: anayejua kazi hiyo kwa kawaida anaweza pia kukubadilishia lugha kutoka Kijapani, kwa sababu lugha nayo imefungwa kwenye kanda. Ukimlipa kwa moja, uliza na la pili.

Mwana wa Pwani

Hiyo ya Harrier inadai namba ya siri naomba uifafanue mkuu. Mimi imenikuta kwenye Wish. Fundi ananiambia ning'oe redio niweke ya Android.

Fundi wa Nyaya

Redio nyingi za Toyota za Japani zenye ramani zina ulinzi wa wizi. Betri ikichomolewa, zikiamka zinataka namba ya siri aliyoiweka mwenye gari wa kwanza, ambaye yuko Japani na humjui. Nyingine hazidai namba, zinadai kadi ya SD ya ramani, kwa sababu programu inasoma vitu vyake humo. Kadi ikipotea bandarini au ikitolewa na mtu aliyedhani ni kadi ya kawaida, redio inakataa kufanya hata kazi ndogo. Kwa zile zinazodai namba, kwenye skrini hujitokeza namba ya utambulisho inayoanza na ERC, na mafundi wanaofungua hutumia namba hiyo kupata jibu lake. Piga picha skrini nzima, usiendelee kubahatisha namba.

Kuhusu kung'oa: redio ya Android ni suluhisho halali, lakini uliza kwanza kamera ya nyuma na vitufe vya usukani vitaungwa vipi, kwa sababu kwenye baadhi ya magari hivyo vyote vinapitia redio ya zamani. Na ukiamua kubaki na ya Kijapani, jua kwamba redio ya FM ya Japani inashika kuanzia 76 hadi 90 au 95, wakati stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108. Kile kiboksi kidogo kinachouzwa kama kipanua mawimbi hakipanui chochote, kinazishusha stesheni za juu ziingie kwenye eneo la redio yako, na ndiyo maana namba unayoiona kwenye skrini hailingani na namba ya stesheni.

Nakuru Diesel

Sasa mkubwa. Mimi niko Kenya, nina Golf 7 ya Japani. Huku Kirinyaga Road spea za Golf zimejaa. Nilitaka niweke kruz kontroli na redio kubwa kutoka kwa gari lingine lililogongwa. Fundi wa kwanza anasema ni rahisi, wa pili anasema redio itakuwa mfungwa. Nani anasema ukweli?

Fundi wa Nyaya

Wote wawili, boss wangu, maana wanazungumzia vitu viwili tofauti. Hapa ndipo nilipoahidi kufika.

Kwenye Volkswagen, kruz kontroli ni kazi ya kujulisha. Enzi za Golf 4 ilikuwa nyepesi kuliko unavyodhani: unabadilisha mkono wa indiketa, unaingia kwenye kompyuta ya injini, unaandika 11463, inawaka. Ukiandika 16167 inazima. Uwezo ulikuwa umo ndani ya injini tangu kiwandani, umelazwa tu. Golf 7 inataka zaidi kidogo, inabidi kompyuta ya usukani na ya injini zote ziambiwe, lakini fundi mwenye mashine ya kupimia kama VCDS au OBDeleven na uelewa anaimaliza. Hakikisha tu vitufe au mkono unaonunua unalingana na kompyuta ya usukani iliyomo kwenye gari lako. Namba ya kipande isomwe kabla ya kulipa.

Redio ni habari nyingine. Kundi la Volkswagen, na Audi hasa, wanayo kinga ya vipuri. Kipuri chenye kinga hiyo kimesajiliwa kwa namba ya chesisi ya gari kilimotoka. Ukikihamisha, kinatambua kimehama, na kinafanya kazi nusunusu: redio inawaka lakini haitoi sauti, kwa mfano. Kukifungua lazima gari liunganishwe moja kwa moja na seva ya kiwanda, na seva ikague kwamba kipuri hakijaripotiwa kuibiwa. Kwa hiyo unapokinunua pale Kirinyaga Road, muuzaji akupe namba ya chesisi ya gari kilimotolewa. Asipotaka kukupa, acha kipuri kikae kwake. Redio bei rahisi isiyo na asili itakugharimu mara mbili.

Tena furahia kwamba yako ni Golf 7. Kuanzia Golf 8 kuna kufuli jipya linaloitwa SFD. Kusoma makosa unaruhusiwa, lakini kubadilisha usajili lazima uombe kibali mtandaoni kutoka kwenye seva ya Volkswagen, na kikishatoka kinadumu dakika 90. Yale magari ya 11463 mtu aliyafanya kijijini bila intaneti. Haya ya sasa bila intaneti na bila akaunti inayokubalika, fundi anaangalia tu.

Mkazi wa Leeds

Niko Uingereza wakuu. Lakini kwa nini wanafunga? Gari si nimelinunua? Huku tuliwahi kuambiwa tulipie joto la viti kila mwezi.

Fundi wa Nyaya

Sababu ziko mbili, na nataka tuzitenganishe kwa haki, kwa sababu watu huzichanganya.

Ya kwanza ni usalama, na ni ya kweli. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee kwa njia ya intaneti likiwa barabarani, wakashika injini na breki. Kampuni yake, kundi la Fiat Chrysler, ikayarudisha magari milioni 1.4 kurekebishwa. Kuanzia magari ya 2018 kundi hilo likaweka kompyuta ya lango, na kifaa cha kupimia kisichosajiliwa hakiruhusiwi kubadilisha kitu. Baadaye ikaja kanuni ya Umoja wa Mataifa R155 kuhusu ulinzi wa kimtandao wa magari: Ulaya ilianza kuwabana watengenezaji kwa miundo mipya Julai 2022 na kwa kila gari jipya Julai 2024. Porsche waliacha kuuza Macan ya petroli katika Umoja wa Ulaya kwa sababu umeme wake haukukidhi. Kanuni hii inatuhusu na sisi, kwa sababu magari ya Ulaya yaliyojengwa chini yake ndiyo tutakayoyapokea yakiwa mtumba.

Ya pili ni mapato, na hapa sina maneno ya kuwatetea. Julai 2022 BMW walikuwa wanauza joto la viti kwa mwezi katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo kwa pauni 15. Nyaya za joto tayari zilikuwa ndani ya kiti ulichokilipia. Kelele zilipigwa, na 2023 wakaachana na mpango huo kwa viti. Mercedes waliwawekea wateja wa Marekani wa EQE na EQS nguvu za ziada kwa dola 1,200 kwa mwaka. Tesla 2016 waliuza Model S 60 yenye betri ya kilowati-saa 75 iliyobanwa kwa programu. Septemba 2017 kimbunga Irma kilipoikaribia Florida waliifungua kwa muda kutoka mbali ili watu wakimbie. Wengi waliwasifu. Mimi nilibaki nikiwaza kuwa mtu alikuwa amebeba betri yote hiyo kila siku na hakuwa na haki nayo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walionyesha kwamba kompyuta ya Tesla inaweza kulazimishwa kwa kuchezea volti za prosesa yake, na vitu vilivyofungwa, joto la viti vya nyuma likiwemo, vikafunguka. Simshauri mtu kufanya hivyo. Ila imethibitisha kwamba kipo ndani na kinachozuia ni ruhusa.

Msimamo wangu: lango liwepo, na ufunguo wake upatikane kwa gereji huru kwa bei inayojulikana. Marekani tangu 2015 sheria ya hakimiliki inampa mwenye gari nafasi ya kufungua programu ya gari lake kwa ajili ya kupima, kutengeneza au kubadilisha kihalali, na nafasi hiyo huhuishwa kila baada ya miaka 3. Vyama vyetu vya mafundi viwe vinaomba kitu cha namna hiyo sasa, kabla magari hayajatujaa.

Mbezi Juu

Mimi langu dogo. RAV4 yangu imeibiwa nembo ya mbele, ile ya Toyota kwenye grili. Nimenunua ya kromu, nzuri, imekaa vizuri. Sasa dashibodi inaleta onyo la mfumo wa kuzuia ajali. Kuna uhusiano?

Fundi wa Nyaya

Upo, na sio dogo mkuu. Kwenye Toyota nyingi zenye Toyota Safety Sense, ndio huo mfumo wa kuzuia ajali, rada inakaa nyuma ya nembo ile. Nembo halisi ni bapa, plastiki maalumu inayopitisha mawimbi, ile kromu unayoiona ni mchoro ndani yake. Ya kawaida yenye kromu ya kweli inaziba rada. Nunua yenye namba ya kipande inayolingana. Hata bampa ukipaka rangi nzito au ukaongeza grili ya urembo mbele ya rada, matokeo ni hayo.

Jambo hilo linagusa na kioo cha mbele. Subaru zenye EyeSight, mfumo wao wa kuzuia ajali, zina kamera mbili karibu na kioo cha ndani, na kioo cha mbele kikibadilishwa kamera zinatakiwa kupimwa upya kwa ubao maalumu, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Nimeona watu wakizima onyo hilo kwa kukwepesha usajili ili dashibodi ionekane safi. Hapo nasema wazi: usikubali. Redio ikikosewa utakosa muziki. Breki ya dharura ikikosewa inaweza kushika ukiwa kwenye mwendo pale Kibaha, au isishike siku unayoihitaji. Eabegi nazo ni vilevile, usimruhusu mtu adanganye kompyuta kwa rizista.

Nakuru Diesel

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikiongeza kamera ya nyuma ile ya kutokea kwenye nembo ya buti, nianzie wapi?

Fundi wa Nyaya

Anza na nakala. Kabla fundi hajagusa kitu, akuhifadhie usajili wote wa sasa wa kompyuta za gari, kila moja kwa namba yake, kwenye faili unayobaki nayo wewe. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyuma ikienda kombo, na fundi akikataa kukupa nakala ya gari lako mwenyewe, ondoka.

Kisha tazama redio uliyonayo kama inapokea picha ya kamera, maana baadhi ya ndogo hazina kiingilio. Kamera zenyewe ziko za aina mbili. Ile yenye kompyuta yake inasajiliwa kwenye lango kama anwani 6C, halafu redio nayo inaambiwa. Ile nyepesi inaungwa kwenye redio moja kwa moja na usajili unafanyika redioni tu. Ukinunua aina moja na nyaya za nyingine, hazitaelewana. Waya upitishwe kwenye mpira wa bawaba ya buti pamoja na zile za kiwanda, usitoboe bati, maana maji yataingia.

Nitumie hapa namba ya kipande iliyo kwenye kibandiko cha redio, na picha ya soketi ya nyuma yake. Namba ya chesisi ukiweka, ficha tarakimu za mwisho.